Je, Wajua? Sarufi Hufunza Sikio Kabla ya Ulimi

Mishomoroni, huku Kisauni, si rahisi kumpata mtu mzima wa lugha moja. Mgiriama, Mkamba, Mjaluo, Mtaita na Mswahili hupanga katika ploti moja na kuchota maji kwenye mfereji mmoja. Mtoto huamka na lugha ya nyumbani, hucheza kwa Kiswahili, husoma kwa Kiingereza, na alasiri akienda chuoni hukutana na Kiarabu cha Qurani. Mtaa wa namna hii una haki ya kuuliza swali ambalo walimu wamelibishania kwa karne nyingi: anayejifunza lugha ya pili, sarufi yamfaa nini?

Wako wasemao bila sarufi hakuna lugha. Wako wasemao sarufi ni mzigo, wewe ongea tu utajua. Haya yafuatayo, mengine ya papa hapa na mengine ya mbali, yanaonyesha kuwa kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kazi kubwa ya sarufi ni kumfanya mtu asikie kile ambacho masikio yake yalikuwa yakikiruka kila siku.

1. Sarufi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa ilizaliwa kwa kusikiliza

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga ng'ambo ya kaskazini, upande wa Nyali, na kaburi hilo lingalipo. Alikuwa ameishi Uhabeshi na alijua Kiarabu, lakini kwa Kiswahili hakukuwa na kitabu cha kumwongoza. Alikaa na watu wa mji, akayaandika maneno yao, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa. Mwaka 1846, yeye na Johannes Rebmann walihamia Rabai, akaishi kati ya Wamijikenda na kuisikia lugha yao pia.

Mwaka 1850 kitabu chake kikachapwa Tübingen, Ujerumani. Kilieleza misingi ya Kiswahili na kukilinganisha na lugha ya Wamijikenda. Hicho ndicho huhesabiwa kuwa sarufi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa. Ile ya Askofu Edward Steere wa Unguja ilifuata mwaka 1870. Basi kila kanuni iliyoingia katika kitabu cha Krapf ilitoka kwanza kinywani mwa mtu wa Mombasa au Rabai.

2. Mwandishi wa sarufi kuu ya Kiarabu hakuwa Mwarabu

Sibawayh, aliyeishi karne ya 8, alikuwa Mwajemi aliyekuja kusoma Basra. Kitabu chake kikawa msingi wa sarufi yote ya Kiarabu iliyofuata, hata kikaitwa Al-Kitab tu, yaani Kitabu. Mzawa huizungumza lugha yake bila kuitazama. Mgeni hulazimika kuitazama ndipo aizungumze, na kutazama huko humwonyesha mengi ambayo mwenyeji ameyazoea mno kuyaona.

Pwani yetu imefuata njia hiyo kwa muda mrefu. Wanafunzi wa vyuoni huhifadhi Al-Ajurrumiyya, kijitabu cha nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, cha Ibn Ajurrum wa Fes, Moroko, aliyefariki mwaka 1323. Waliosonga mbele hukabili Alfiyya ya Ibn Malik, sarufi nzima iliyotungwa katika beti zipatazo 1000. Aliyepita huko anaweza kukueleza kwa nini neno hili katika aya lina irabu hii na si ile, na maana gani ingebadilika lau ingekuwa nyingine. Huenda mtu huyo huyo akatatizika kununua samaki katika soko la Muscat. Hilo si kasoro ya chuo. Sarufi ile ilifundishwa ili Maandiko yasomwe na kufahamika, na kazi hiyo imeifanya kikamilifu. Ukitaka kujua kama sarufi imemfaa mtu, uliza kwanza alijifunza lugha ile kwa ajili gani.

3. Mtu anaweza kuzungumza vizuri miaka mingi bila sarufi kusogea

Kutoka Mishomoroni hadi ufuo wa Bamburi si mbali, na ufuoni wako vijana wanaouza vinyago na safari za mashua kwa Kijerumani na Kiitaliano walichookota kwa watalii. Wanapatana bei, wanatania, wanalalamikia biashara mbaya, yote kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisomea darasani. Mafanikio yao ni ya kuheshimiwa.

Mwaka 1983, Richard Schmidt wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieleza habari za mtu wa aina hiyo: msanii Mjapani aliyehamia Honolulu akiwa mtu mzima na kujifunza Kiingereza kwa kuzungumza tu. Katika miaka mitatu alipata marafiki, akaendesha shughuli zake, akawa msemaji mchangamfu. Lakini viambishi vya nyakati na vya wingi havikusogea kwa kiasi cha maana. Alikuwa akieleweka, na kwa kuwa alieleweka hakuna kilichomsukuma kuvisikiliza.

Historia ya Kenya ina mfano wenye uchungu zaidi. Walowezi wengi wa Kizungu waliishi nchini miongo mingi wakizungumza Kisetla, Kiswahili kisichojali ngeli. Kibarua aliyeamrishwa kwa lugha ile hakuwa na nafasi ya kumsahihisha bwana wake, na mzigo wa kuelewa ulikuwa juu ya yule aliyeamrishwa. Asiyesahihishwa hubaki pale alipo.

4. Hata kusomeshwa kwa lugha ya pili miaka mingi hakumalizi kazi

Mwaka 1965, wazazi wa St. Lambert, jirani na Montreal nchini Kanada, waliomba watoto wao waliokuwa wakizungumza Kiingereza wafundishwe kwa Kifaransa tangu chekechea. Jaribio lilifaulu, likaenea nchi nzima. Watoto walikielewa Kifaransa karibu sawa na wenyewe. Lakini walipozungumza au kuandika, jinsia za nomino na nyakati za vitenzi ziliendelea kuwaponyoka hata baada ya miaka mingi darasani.

Mtafiti Merrill Swain alitoa maelezo mwaka 1985: msikilizaji anaweza kuipata maana bila kujali kila kiambishi. Kiswahili kinatuonyesha jambo hilo waziwazi. Katika sentensi "vikombe vyangu viwili vimevunjika", alama ya ngeli imetokea mara nne. Anayejifunza akiikosa mara tatu, habari itamfikia vilevile: vikombe, viwili, vimevunjika. Sikio lake halina sababu ya kuhangaika. Siku atakapotakiwa aiseme au aiandike mwenyewe ndipo atagundua kwamba hajui aweke nini. Ndiyo maana Swain alisisitiza kwamba mwanafunzi asisikilize tu, bali azungumze na kuandika.

5. Mtafiti alijifanya mwanafunzi, akaona sarufi inavyofanya kazi

Richard Schmidt yule yule alikwenda Brazil akajifunza Kireno kwa miezi mitano. Aliingia darasani, akatembea mjini, akaweka shajara ya kila alichojifunza, na mazungumzo yake yakarekodiwa. Yeye na Sylvia Frota, Mbrazil, walichapisha matokeo mwaka 1986.

Waliona kwamba kulikuwa na maumbo ya Kireno yaliyosemwa mbele yake tangu siku za kwanza, naye asiyasikie. Kisha mwalimu akayaeleza, au mtu akamsahihisha, na ghafla akaanza kuyasikia kila mahali, kana kwamba watu ndio kwanza wameanza kuyatumia. Baada ya kuyasikia ndipo alipoanza kuyasema. Kufikia mwaka 1990 Schmidt alikuwa amelijenga wazo lake kwa ukamilifu: sehemu ya lugha ambayo mtu hajaitambua, haimwingii.

Hapa ndipo ubishi wa zamani unapopata suluhu. Kanuni peke yake haimfanyi mtu msemaji, na mazungumzo peke yake humwachia mtu mapengo. Kanuni huelekeza sikio, mtaa ukamjazia mifano. Mwalimu wa Kisauni anayefundisha ngeli ya U-ZI leo asubuhi ana bahati ambayo mwalimu wa ng'ambo hana: akitoka tu, mwanafunzi wake ataisikia kwa fundi wa kuta, kwa muuza nyuzi, kwa mama anayeosha nyungo.

6. Makosa hupanga foleni

Mwaka 1974, Heidi Dulay na Marina Burt walichunguza watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Wengine lugha yao ilikuwa Kihispania, wengine Kichina. Ungetarajia wakosee kwa njia tofauti, lakini mfuatano wa maumbo waliyoyamudu ulikaribiana sana. Kiambishi -ing hupatikana mapema. Ile s ndogo inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi, mtendaji akiwa mmoja wa nafsi ya tatu, huchelewa mno, ingawa kanuni yake hueleweka kwa dakika chache na hufundishwa katika masomo ya mwanzo.

Manfred Pienemann aliongeza jambo mwaka 1984, alipowafundisha Kijerumani watoto wa Kiitaliano walioishi Ujerumani. Kanuni ilimfaa mtoto aliyekuwa hatua moja kabla yake. Aliyekuwa nyuma zaidi hakufaidika nayo. Mzazi anayemkaripia mwanawe kwa kosa lile lile kila jioni na alikumbuke hili: huenda mtoto amesikia na ameelewa, ila zamu ya kanuni hiyo haijafika.

7. "Kitabu yangu" ina kanuni yake

Mwanaisimu Pit Corder aliandika mwaka 1967 kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kile anachokijua. Mwaka 1972 Larry Selinker akaongeza kwamba anayejifunza huwa na mfumo wake wa katikati, ambao si lugha ya mamake na si lugha anayoiendea.

Chukua Kiswahili cha bara kinachosikika kwenye matatu: kitabu yangu, mtoto yangu. Msemaji huyu hakuropoka. Ameshika umbo moja la kumiliki na kulitumia kila mahali bila kuyumba. Na sisi wa Pwani tunampa sababu, maana twasema rafiki yangu, ndugu yangu, mama yangu, ingawa hao ni watu na vitenzi vyao vyafuata A-WA: rafiki yangu amefika. Wakati huohuo kiboko na kipofu, licha ya ki- yao, tunawaambia huyu na si hiki. Mgeni anayekwama hapo amekwama mahali pagumu kwa haki. Mwalimu anayeitambua kanuni ya mwanafunzi anajua pa kuanzia, na anayecheka tu amepoteza ushahidi.

8. Jirani wawili, ugumu wao si mmoja

Kigiriama kina ngeli. Mutu ni mmoja, atu ni wengi. Muhi ni mti, mihi ni miti. Mgiriama anapojifunza Kiswahili hana haja ya kuelezwa kwa nini kivumishi kifuate nomino yake, kwa sababu ameufanya upatanisho huo tangu utotoni. Hatari yake ni ufanani wenyewe: lugha zikikaribiana, mtu huvuka na la kwao bila kujua kama amevuka. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti na hakina mfumo huu wa ngeli. Mjaluo anayehamia Mishomoroni akiwa mtu mzima anaanza kujenga chumba ambacho nyumba yake haikuwa nacho. Wote wawili wakipewa zoezi moja, mmoja atachoka na mwingine atapotea.

Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hulitambua jambo hili katika ratiba zake. Kwa msemaji wa Kiingereza, imekadiria wiki 36 za Kiswahili na wiki 88 za Kiarabu.

9. Mtoto hana haraka kama tunavyodhani

Mwaka 1958 Jean Berko, Mmarekani, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe asiyekuwepo, akampa jina la kubuni, kisha akaonyesha wawili. Watoto wadogo walitaja wingi wake sawasawa, ingawa neno lile hawakuwa wamelisikia maishani. Jaribu nyumbani: mwambie mtoto wa miaka mitano hiki ni kibuge, kisha mwonyeshe viwili. Akisema vibuge, umeiona sarufi ambayo hakuna mwalimu aliyeifundisha.

Lakini kasi ni jambo jingine. Mwaka 1978, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walifuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Katika miezi ya mwanzo, vijana na watu wazima waliwatangulia watoto wadogo. Baadaye watoto nao walianza kuwafikia watu wazima. Uchunguzi wa mwaka 2018, uliokusanya majibu ya watu wapatao 670,000 kwa njia ya intaneti, ulionyesha kwamba uwezo wa kushika sarufi hubaki imara hadi karibu na umri wa miaka 17. Hata hivyo, mama wa Mishomoroni anayetaka kujifunza Kiingereza ili amsaidie mwanawe kazi ya shule hajachelewa kuanza. Mtu mzima ana kitu ambacho mtoto wa chekechea hana: anaweza kuelezwa kanuni, akaielewa, akaenda kuitafuta.

10. Sarufi ikivunjika, watoto huijenga upya

Wanubi wa Kibera na wa Bombo, Uganda, ni wazao wa askari kutoka Sudan walioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Jeshini, watu wa makabila mengi walijifunza Kiarabu kwa amri na mazungumzo, wakiwa watu wazima, bila darasa. Mabadiliko ya kitenzi cha Kiarabu kulingana na mtendaji yakaachwa. Lakini Kinubi cha leo hakikosi sarufi. Kina viambishi vyake, gi- kwa jambo linaloendelea na bi- kwa litakalokuja, navyo hufuata kanuni thabiti. Watoto waliozaliwa ndani ya lugha ile waliikamilisha.

11. Mzawa wa Kiswahili naye hukutana na sarufi kama mgeni

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kimvita, lahaja ya mji uliokuwa mwenyeji, kikabaki nje ya kitabu. Bibi wa Mombasa husema mato, ndia, ndaa, mtele. Mjukuu wake shuleni huandika macho, njia, njaa, mchele. Bibi hutenganisha pia paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka na sauti ya kwanza, tofauti ambayo tahajia sanifu haiionyeshi kamwe.

Mjukuu huyo akifika kidato cha nne, karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE humtengea alama 40 kati ya 80 kwa matumizi ya lugha: kutaja aina za maneno, kuchanganua sentensi, kubainisha viambishi. Anajua kusema yote hayo, lakini hajawahi kuyatazama. Wapo wanaoshangaa mtoto wa Pwani akizidiwa na mtoto wa Nyeri. Aliyejifunza lugha kwa kuitazama amezoea kuitazama. Aliyeipata kwa kunyonya hana budi kufundishwa kuitazama, naye anastahili mwalimu asiyemwambia kwamba lugha ya bibi yake ni makosa.

12. Tafiti 49 zilijumlishwa pamoja

Mwaka 2000 John Norris na Lourdes Ortega walizikusanya tafiti 49 kuhusu kufundisha lugha ya pili na kuzipima kwa kipimo kimoja. Waliofafanuliwa kanuni waziwazi waliwashinda walioachwa waigundue wenyewe, na faida hiyo ilidumu. Watafiti hao pia walitahadharisha: vipimo vingi vilikuwa vya mazoezi mafupi, si vya mazungumzo huru. Tahadhari hiyo inarudisha neno letu mahali pake. Kanuni husaidia, na kipimo chake cha kweli ni mazungumzo.

Tufanye nini, basi?

Mwalimu na afundishe jambo moja la sarufi kwa wiki, kisha awatume wanafunzi walisikilize redioni, sokoni Kongowea na kwenye matatu, warudi na sentensi walizozisikia. Mzazi na amrudishie mtoto sentensi yake ikiwa imenyooka, bila karipio: akisema kitabu yangu imepotea, aulizwe, kitabu chako kimepotea wapi? Mtu mzima na amwombe jirani amsahihishe, kwa sababu adabu yetu humzuia jirani kufanya hivyo bila ruhusa. Na mtihani uendelee kuuliza viambishi, mradi darasa liwape watoto nafasi ya kuzungumza na kuandika kabla ya kuwataka wachanganue.

Watoto wa mtaa huu huingia shuleni wakiwa na lugha mbili au tatu vichwani, na kila moja wameishika pamoja na sarufi yake. Hiyo ni elimu kubwa kabla ya elimu. Shule ikianzia hapo, ikamwuliza Mgiriama mdogo ngeli zinavyokwenda kwao na Mjaluo mdogo wanavyosema wao, somo la sarufi litakuwa la watoto wote, na kila mmoja wao atakuwa na cha kulifundisha darasa.